Mtoto akipotea usisubiri: nani anawajibika, na kwa lipi?

Hakuna sheria nchini Kenya inayomtaka mzazi kusubiri saa 24 kabla ya kuripoti kwamba mtoto wake ametoweka. Ripoti hupigwa katika kituo cha polisi kilicho karibu, saa yoyote ya usiku au mchana, mara tu mzazi au mlezi anapotambua kwamba mtoto hayuko mahali anapopaswa kuwa. Huduma hiyo hailipiwi. Hata hivyo, wapo wazazi wanaofika kituoni wakaambiwa warudi nyumbani, kwamba labda mtoto ameenda kwa jamaa, waje kesho. Wapo pia wanaojizuia wenyewe kwa sababu walisikia habari hiyo ya saa 24 kwa majirani au waliiona kwenye filamu.

Kusubiri huko kunaweza kugharimu maisha. Mwaka 1997, ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa jimbo la Washington, Marekani, ilichapisha utafiti kuhusu watoto waliotekwa nyara na kisha kuuawa. Utafiti huo ulionyesha kwamba takriban watoto 74 kati ya kila 100 wa kundi hilo waliuawa ndani ya saa 3 baada ya kutekwa. Haukuhusu watoto wote wanaopotea. Watoto wengi wanaopotea hupatikana wakiwa salama: mmoja alifuata wenzake mtoni, mwingine alipitiwa na usingizi kwa jirani, mwingine alikosea njia akitoka sokoni. Lakini katika saa ya kwanza, hakuna mzazi wala afisa wa polisi anayeweza kujua mtoto huyu yuko katika kundi gani. Kwa hivyo kila ripoti yafaa ishughulikiwe kwa uzito ule ule.

Makala haya yanaeleza mambo matatu: yale ambayo misiba iliyopita imefichua kuhusu ulinzi wa watoto, nani anawajibika kwa lipi kisheria, na hatua ambazo mkazi anaweza kuchukua kuanzia dakika ya kwanza hadi baada ya msiba, iwapo mambo yataharibika.

Funzo la mwaka 2021

Mnamo Julai 2021, Idara ya Upelelezi wa Jinai, DCI, ilitangaza kumkamata kijana wa miaka 20 kuhusiana na kutoweka kwa wavulana wawili jijini Nairobi. Wapelelezi walisema alikiri kuwaua watoto wasiopungua 10 katika kipindi cha miaka 5, na kwamba aliwaongoza hadi mahali ambapo baadhi ya miili ilikuwa imetupwa. Visa hivyo vilitokea katika kaunti zaidi ya moja.

Miaka 5 ni muda mrefu. Mtoto anapotoweka, kisa chake huandikwa katika kituo kimoja, na kitabu cha matukio cha kituo kimoja hakiongei na kitabu cha kituo kingine. Pasipo mtu wa kuziweka ripoti hizo pamoja na kuuliza kwa nini watoto wa umri unaokaribiana wanatoweka, mhalifu anayehama kutoka kaunti moja hadi nyingine huonekana kila mahali kama tukio jipya.

Tarehe 13 Oktoba 2021, siku ambayo mshukiwa huyo alitarajiwa kufikishwa mahakamani, hakupatikana katika seli ya Kituo cha Polisi cha Jogoo Road, Nairobi. Alikuwa ametoroka. Maafisa 3 waliokuwa zamu walikamatwa na kufikishwa mahakamani. Kabla ya wiki hiyo kuisha, mshukiwa aliuawa na umati katika Kaunti ya Bungoma.

Wako waliosema kwamba haki imetendeka. Kwa familia za watoto, kilichotokea ni kinyume chake. Aliyekufa hashtakiwi. Hakuna mahakama iliyosikiliza ushahidi hadi mwisho wala iliyotoa hukumu. Maswali ambayo kila mzazi angetaka yajibiwe, kama vile iwapo kuna watoto wengine ambao hawajajulikana, iwapo kuna aliyemsaidia, na kwa nini ilichukua miaka mingi kumfikia, yalikosa mtu wa kuyajibu kizimbani chini ya kiapo.

Kosa lilipojirudia

Mnamo Julai 2024, miili ya wanawake ilipatikana katika timbo la zamani lililogeuka jaa la taka huko Kware, Embakasi, jijini Nairobi. Mahali hapo si mbali na kituo cha polisi. Mshukiwa alikamatwa. Tarehe 20 Agosti 2024, alitoroka kutoka Kituo cha Polisi cha Gigiri pamoja na washukiwa wengine 12 waliokuwa wakizuiliwa huko kwa mambo mengine. Maafisa 8 walisimamishwa kazi.

Waliokufa Kware hawakuwa watoto, na visa hivi viwili havifanani kwa kila jambo. Kinachofanana ni mlango wa seli. Katika muda usiofika miaka 3, washukiwa wawili wa mauaji yaliyotikisa nchi nzima waliondoka mikononi mwa polisi kabla ya kesi kusikilizwa. Mara zote mbili, hatua ya haraka ilikuwa kuwachukulia hatua maafisa wa kituo husika.

Hatua hiyo inafaa, lakini haitoshi. Afisa wa zamu anaweza kulala au kufungua mlango, na lazima ajibu kwa hilo. Lakini si yeye anayeamua mshukiwa wa mauaji azuiliwe kituo gani, si yeye anayepanga idadi ya maafisa wa kulinda seli usiku, na si yeye anayetenga pesa za kufuli, taa na kamera. Hayo huamuliwa na wakubwa wake. Uwajibikaji ukiishia kwa mtu wa chini kabisa, hali iliyoruhusu kosa hubaki pale pale ikimngoja afisa mwingine.

Jaa la Kware nalo linaibua swali linalozihusu serikali za kaunti. Chini ya Katiba, majaa na uzoaji wa taka ni kazi ya kaunti. Timbo lililoachwa wazi, lisilo na ua, taa wala mlinzi, ni hatari hata pasipo muuaji. Maji ya mvua hujaa humo na watoto huenda kuogelea. Mtoto anapotafutwa tangu mchana na mwili wake ukapatikana timboni jioni, jambo hilo haliwezi kuachiwa polisi peke yao.

Nchi moja ilivyojichunguza

Mfano wa uwajibikaji unaopanda hadi juu umewahi kuonekana nchini Ubelgiji, baada ya msiba unaofanana kwa mengi na ule wa Kenya wa 2021.

Mnamo Juni 1995, wasichana 2 wenye umri wa miaka 8 walitoweka karibu na mji wa Liège. Aliyewateka, Marc Dutroux, hakuwa mgeni kwa vyombo vya dola. Mwaka 1989 alikuwa amehukumiwa kifungo cha zaidi ya miaka 10 kwa kuteka na kunajisi wasichana, akaachiliwa mapema mwaka 1992. Kimoja cha vikosi vya polisi vya nchi hiyo kilikuwa na taarifa juu yake na kilikuwa kikimfuatilia, lakini hakikumweleza kikamilifu hakimu aliyesimamia uchunguzi. Mnamo Desemba 1995, polisi walipekua nyumba yake. Sauti za watoto zilisikika, zikadhaniwa zinatoka nje. Watoto hao walikuwa wamefichwa katika chumba cha siri chini ya nyumba hiyo hiyo. Baadaye walikufa humo. Dutroux alikamatwa Agosti 1996, na wasichana wengine 2 wakaokolewa wakiwa hai.

Tarehe 20 Oktoba 1996, watu wapatao 300,000 waliandamana kwa amani jijini Brussels, wengi wakiwa na mavazi na maputo meupe. Bunge liliunda kamati ya uchunguzi, na vikao vyake vikaonyeshwa kwenye televisheni ili wananchi wasikie wenyewe polisi na mahakimu wakihojiwa. Ripoti yake ilitolewa mwaka 1997 na ikaeleza bayana jinsi vikosi tofauti vya polisi vilivyofichana habari. Kisha, tarehe 23 Aprili 1998, Dutroux alitoroka kwa saa chache akiwa chini ya ulinzi. Siku hiyo hiyo, Waziri wa Mambo ya Ndani na Waziri wa Sheria walijiuzulu. Kabla ya mwaka huo kuisha, ilipitishwa sheria ya kuunganisha vikosi vya polisi katika huduma moja yenye ngazi mbili, ya kitaifa na ya mitaa, na shirika la kushughulikia watoto waliotoweka likaanzishwa. Dutroux alishtakiwa na kuhukumiwa kifungo cha maisha mwaka 2004. Familia zilisikia ushahidi.

Ubelgiji haikuwarudisha watoto hao. Ilichofanya ni kujibu maswali matatu tofauti: nani alitenda, nani alisimamia, na ni utaratibu gani ulioruhusu. Mkazi wa Kenya anaweza kuyauliza maswali hayo hayo, na sheria inamweleza amuulize nani.

Nani anawajibika kwa lipi

Kifungu cha 53 cha Katiba kinampa kila mtoto haki ya kulindwa dhidi ya dhuluma, kutelekezwa na ukatili, na kinasema maslahi ya mtoto ndiyo ya kwanza katika kila jambo linalomhusu. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 inaeleza kwa kina jinsi haki hiyo itakavyotekelezwa. Majukumu yamegawanywa hivi:

Polisi. Usalama na upelelezi ni kazi ya serikali ya kitaifa. Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi inamtaka mkuu wa kila kituo kuweka kitabu cha matukio, ambacho wengi hukiita OB, na kuandika malalamiko yanayoletwa. Ripoti ikishaandikwa, kuna tarehe, saa na nambari. Ikitajwa kwa mdomo tu kwenye meza ya ripoti, ni kana kwamba mzazi hakufika.

Idara ya Huduma za Watoto. Hii pia ni ya serikali ya kitaifa, na ina maafisa wa watoto katika kaunti na kaunti ndogo. Mtoto aliyepotea au aliyeachwa ni miongoni mwa watoto ambao sheria inawatambua kuwa wanahitaji matunzo na ulinzi, na afisa wa watoto ndiye anayefuatilia mahali alipowekwa na kumrudisha kwa familia yake.

Serikali ya kaunti. Jedwali la Nne la Katiba linaipa kaunti elimu ya chekechea na vituo vya malezi ya watoto, barabara za kaunti na taa za barabarani, masoko, majaa ya taka, maji na usafi, zimamoto na huduma za dharura, ambulensi, hospitali za kaunti na vyumba vya kuhifadhia maiti. Haya si mambo ya pembeni. Kituo cha malezi kisichoandika ni nani amemchukua mtoto jioni ni mwanya. Njia ya kutoka shuleni isiyo na taa ni mwanya. Chumba cha maiti kisichotoa taarifa kwa polisi kuhusu mwili wa mtoto asiyejulikana humwacha mzazi akitafuta kwa miezi mingi mtu ambaye yuko umbali mfupi tu kutoka kwake.

Mamlaka ya Polisi ya Kaunti. Wakazi wengi hawaijui. Imewekwa na Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi, na mwenyekiti wake ni gavana au waziri wa kaunti anayemteua. Ndani yake wamo wakuu wa usalama wa kaunti, wajumbe wanaoteuliwa na Bunge la Kaunti, na wawakilishi wa makundi kama vile wanawake, vijana, wafanyabiashara, watu wenye mahitaji maalum na dini. Kazi zake ni pamoja na kufuatilia mwenendo wa uhalifu katika kaunti, hasa ule unaowaathiri wanawake na watoto, na kupendekeza vipaumbele vya polisi. Polisi hawapokei amri kutoka kwa gavana. Hata hivyo, hapa ndipo mahali pa kuziweka pamoja ripoti za vituo vyote na kuuliza kwa nini watoto wanatoweka katika eneo fulani.

Wazazi, walezi na shule. Sheria ya Watoto inawapa wazazi wote wawili wajibu sawa wa kumlinda mtoto. Shule nayo hupokea wajibu huo mtoto anapoingia langoni.

Hatua za kuchukua mtoto anapopotea

1. Tafuta na uripoti kwa wakati mmoja. Mtu mmoja abaki nyumbani, maana mtoto anaweza kurudi. Wengine waanze na mahali pa hatari: visima, mito, mabwawa, matimbo, mashimo ya vyoo na magari yaliyoegeshwa. Wakati huo huo, mzazi au mlezi aende kituo cha polisi. Usingoje msako uishe ndipo uende.

2. Beba maelezo kamili. Yanayohitajika ni picha ya karibuni, jina analoitwa nyumbani na la shuleni, umri, urefu, nguo alizovaa, alama mwilini, lugha anayoongea, ugonjwa au ulemavu alio nao, dawa anazotumia, saa na mahali alipoonekana mara ya mwisho, na mtu aliyekuwa naye. Kama una nakala ya cheti cha kuzaliwa, ibebe. Kama haiko karibu, usipoteze muda kuitafuta.

3. Usiondoke bila nambari ya OB. Iandike pamoja na saa uliyofika, jina la kituo na jina la afisa aliyekuhudumia. Uliza ni mpelelezi gani atakayeshughulikia jambo hilo na nambari yake ya simu. Ukikumbuka jambo jipya, rudi likaandikwe chini ya nambari ile ile.

4. Piga simu 116. Hii ni nambari ya kitaifa ya kuwasaidia watoto. Hailipiwi na inafanya kazi saa 24. Kwa dharura ya polisi, piga 999 au 112.

5. Wajulishe wanaoona watu wakipita. Chifu na naibu wake, mzee wa mtaa, mwalimu mkuu, wahudumu wa bodaboda kwenye steji, makondakta wa matatu na wauzaji wa kando ya barabara huona mengi kabla ya polisi kufika. Uliza pia katika hospitali na makao ya watoto, kwa kuwa mtoto mdogo asiyejua kutaja jina la mzazi anaweza kuwa tayari amepelekwa huko na msamaria mwema.

6. Tumia mitandao kwa uangalifu. Tangazo liwe na picha, mahali, tarehe, jina la kituo cha polisi na nambari ya OB. Matapeli husoma matangazo haya, kisha humpigia mzazi simu wakidai wako na mtoto na kutaka watumiwe pesa kwa M-Pesa. Simu ya aina hiyo ipelekwe kwa mpelelezi kabla ya kutuma hata shilingi moja. Mtoto akipatikana, tangazo liondolewe, kwa kuwa picha na masaibu yake si mali ya umma.

Anayempata mtoto aliyepotea pia ana wajibu. Ampeleke kituo cha polisi au kwa chifu siku hiyo hiyo na ahakikishe jambo hilo limeandikwa. Kukaa na mtoto wa mtu nyumbani, hata kwa nia njema, humnyima mzazi nafasi ya kumpata, na kunaweza kumtia mwenye nyumba matatani. Sheria ya Kupambana na Ulanguzi wa Binadamu ya mwaka 2010 inaweka adhabu ya kifungo kisichopungua miaka 30, au faini isiyopungua shilingi milioni 30, au vyote viwili, kwa atakayepatikana na hatia ya ulanguzi.

Ukipuuzwa kituoni

Afisa akikataa kuandika ripoti au akikuambia usubiri, omba kumwona mkuu wa kituo, yaani OCS. Asipopatikana, nenda au piga simu kwa kamanda wa polisi wa kaunti ndogo. Fanya hivyo siku hiyo hiyo, bila matusi, na uandike kila ulichoambiwa na saa ulipoambiwa. Daftari hilo ndilo litakalokuwa ushahidi wako.

Malalamiko kuhusu mwenendo wa polisi hupokelewa na Mamlaka Huru ya Kusimamia Utendakazi wa Polisi, IPOA, kupitia nambari ya bure 1559. IPOA huchunguza na inaweza kupendekeza afisa ashtakiwe au achukuliwe hatua za kinidhamu. Malalamiko kuhusu uzembe wa afisa yeyote wa umma, akiwemo wa kaunti, hupelekwa kwa Tume ya Utekelezaji wa Haki, ambayo wengi huijua kama ofisi ya Ombudsman.

Kuna chombo kingine ambacho wachache hukitumia. Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 inampa raia haki ya kuomba kwa maandishi taarifa iliyo mikononi mwa ofisi ya umma. Kwa kawaida ofisi ina siku 21 za kujibu. Lakini taarifa hiyo ikihusu uhai au uhuru wa mtu, jibu linapaswa kutolewa ndani ya saa 48. Mtoto aliyetoweka ni suala la uhai. Mzazi anaweza kuandika barua fupi akiuliza ni hatua gani zimechukuliwa chini ya nambari yake ya OB, na asipojibiwa au asiporidhika, aiombe Tume hiyo hiyo ipitie upya uamuzi huo. Zipo habari zinazoweza kuzuiwa ili upelelezi usiharibike, ila ofisi inayozuia lazima itoe sababu.

Msiba ukishatokea

Mtoto anapopatikana amekufa, hasira ya jamii ni ya haki. Inakoelekezwa ndiko kunakoamua iwapo ukweli utajulikana. Kumuua mshukiwa ni kosa la mauaji, na humaliza kesi kabla haijaanza. Ni hatari zaidi pale ambapo aliyeshikwa hana hatia: fundi aliyekuja kutafuta kazi, mgeni aliyeuliza njia, mtu mwenye matatizo ya akili aliyemshika mtoto mkono. Anayemshuku mtu amkabidhi kwa polisi akiwa hai. Mahali mwili ulipopatikana pasikanyagwe, na nguo au vitu vya mtoto visiguswe hadi wapelelezi wafike.

Familia ina njia kadhaa za kudai majibu. Pale ambapo chanzo cha kifo hakijulikani au hakuna aliyeshtakiwa, Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma anaweza kuagiza uchunguzi wa kifo ufanywe mbele ya hakimu. Mashahidi huitwa, maafisa waliopokea ripoti wakiwemo, na hakimu akiona kuna ushahidi kwamba mtu anayejulikana alitenda kosa, anaweza kuagiza aletwe mahakamani. Kifungu cha 22 cha Katiba kinamruhusu mtu yeyote, au mwingine kwa niaba yake, kwenda mahakamani pale haki inapokiukwa, na mahakama inaweza kuamuru fidia.

Kwa mambo yaliyo chini ya kaunti, Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 inampa mkazi haki ya kuwasilisha ombi rasmi katika Bunge la Kaunti. Ombi zuri halisemi tu kwamba watu wameumia. Linataja mahali, tarehe, ofisi iliyopaswa kuchukua hatua, kile ambacho haikufanya, na kile ambacho wakazi wanataka kifanyike. Ikiwa mtoto alizama katika timbo, ombi liulize mwenye eneo hilo ni nani, alipewa kibali na nani, masharti ya kulifukia au kulizungushia ua yalikuwa yapi, na mara ya mwisho lilikaguliwa lini. Kila swali kati ya hayo lina ofisi inayopaswa kulijibu.

Kabla ya lolote kutokea

Mfundishe mtoto kutaja jina lake kamili, jina la mzazi, mtaa wenu na nambari moja ya simu. Weka picha yake ya karibuni. Hakikisha chekechea au kituo cha malezi kina orodha ya watu wanaoruhusiwa kumchukua, na kwamba hakimkabidhi kwa mtu mwingine, hata akidai ni jamaa. Jueni nyumba kwa nyumba ni nani wanaoishi jirani.

Mengine yanahitaji pesa za umma, na pesa hizo zina kalenda. Mpango wa maendeleo wa mwaka huwasilishwa katika Bunge la Kaunti kufikia Septemba 1, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Kabla ya tarehe hizo hufanyika vikao vya kushirikisha umma. Taa ya barabara ya shule, ua wa timbo, mfuniko wa shimo la maji taka na daftari la kituo cha malezi ni mambo yanayoweza kutajwa huko kwa jina la mtaa na kuandikwa katika kumbukumbu za kikao. Mkazi atakayeyataja anapaswa kuhakikisha kuwa yameandikwa, na mwaka unaofuata arudi na kumbukumbu hizo mkononi aulize yamefikia wapi.